Lady Macbeth Hakuugua Wasiwasi

Itaje habari ya kunawa mikono mbele ya watu wa fasihi, dakika haitapita kabla Lady Macbeth hajaitwa kutoa ushahidi. Yumo usingizini, macho wazi. Anaitua taa yake, anaanza kusugua mikono kuondoa doa ambalo hakuna mwingine anayeliona, na mtumishi wake anamwambia daktari kwamba amewahi kumwona akisugua hivyo robo saa nzima. Shakespeare aliiandika tamthilia hiyo yapata mwaka 1606, na sisi wa Kiswahili tunayo tangu 1968, S. S. Mushi alipoitafsiri kwa jina la Makbeth. Basi msemaji huegemea kiti na kutoa hukumu: huyu ndiye mgonjwa wa OCD wa kwanza katika fasihi, na anayetaka kuuelewa ugonjwa huo amsome yeye.

Hukumu hiyo siikubali hata kidogo. Na kwa kuwa haitembei peke yake, bali ina ndugu zake barazani, misikitini, makanisani na hata katika vyumba vya walimu, nitaijibu pamoja na hao ndugu zake. OCD ni jina la madaktari na la vijana wa mitandaoni. Nyumbani watu husema tu kwamba fulani ana wasiwasi, na kila mtu anaelewa kuwa si ule wa kusubiri matokeo ya mtihani.

Ugonjwa wenyewe una vipande viwili. Kwanza ni fikra inayojileta bila kuitwa: labda sikufunga gesi, labda nimemgonga mtu barabarani nisisikie, labda nimemtukana Mungu moyoni. Pili ni kitendo cha kuituliza: kurudi kuangalia, kunawa, kuhesabu, kuuliza, kuanza sala upya. Kitendo hutuliza kwa dakika chache, kisha fikra inarudi ikiwa na nguvu zaidi kwa sababu imeshajua kwamba ikibisha itafunguliwa. Madaktari huanza kuuita ugonjwa pale mambo hayo yanapokula zaidi ya saa moja kwa siku, au yanapomvurugia mtu kazi na maisha. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani uliwakuta watu wapatao 2 katika kila 100 wamewahi kuupata wakati fulani maishani mwao.

Sasa tumrudie bibi yetu. Damu ilikuwapo. Mfalme Duncan aliuawa akiwa mgeni nyumbani kwake, na yeye ndiye aliyeyarudisha majambia chumbani kwa mkono wake na kuwapaka damu walinzi waliolala. Hana shaka yoyote juu ya lililotokea. Kinachomtesa ni kumbukumbu. Mgonjwa wa OCD hana kumbukumbu ya kosa, ana shaka ya kosa, na tofauti hiyo si ndogo. Muulize kama kweli amemgonga mtu barabarani atakwambia hadhani, gari halikuruka, hakuna aliyepiga kelele. Halafu atageuza gari kwa mara ya tatu kwenda kuhakikisha. Daktari aliyeandikwa na Shakespeare anasema kwamba mwanamke yule anamhitaji kasisi kuliko tabibu. Kwa muuaji, ni ushauri mzuri. Kwa mtu ambaye hajaua mtu, ni kumwongezea mzigo.

Fasihi ina kanuni yake hapa, na siilaumu kwa kuwa nayo. Mwandishi akimwonyesha mhusika akinawa mara kumi, msomaji ana haki ya kuambiwa damu ilitoka wapi. Kitendo kisicho na chanzo katika hadithi ni kasoro ya mwandishi. Tatizo huja tunapoihamishia kanuni hiyo sebuleni. Msichana ananawa mpaka ngozi ya vidole inachanika, na mama yake mkubwa anamketisha kando: "Mwanangu, umefanya nini? Niambie mimi, baba yako hatajua." Hana la kumwambia. Akikana, anaonekana anaficha. Baada ya siku kadhaa anaanza mwenyewe kulitafuta kosa, na anayelitafuta kosa katika maisha ya mtu yeyote hakosi kulipata. Hapo wasiwasi umepata hadithi, na familia imeridhika kwamba ilikuwa sahihi.

Hata wanasayansi walishawishika. Mwaka 2006 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Chen-Bo Zhong na Katie Liljenquist uliodai kwamba mtu akikumbushwa uovu alioutenda huvutiwa zaidi na sabuni na vitu vya kusafishia, nao wenyewe wakaliita jambo hilo kwa jina la Macbeth. Likasambaa. Mwaka 2014 Brian Earp na wenzake walikirudia kimojawapo cha vipimo hivyo kwa watu wa Uingereza, Marekani na India, na hawakukiona kilichotarajiwa. Nadhani lilisambaa kwa sababu lilikuwa hadithi nzuri mno, na sote tulikuwa tumeshaisoma shuleni.

Wanaoona Lady Macbeth hatoshi huwaleta wengine: Kapteni Ahab wa Moby-Dick, riwaya ya mwaka 1851, anayemfukuza nyangumi mpaka analizamisha jahazi na watu wake, au Majnuni, ambaye Nizami alimwandika mwaka 1188, anayemlilia Laila nyikani. Karibu na kwetu kuna riwaya ya Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1972, ambamo tamaa ya mali na ya mapenzi huwaendesha watu hadi pabaya. Hawa wote wana jambo moja ambalo mgonjwa hana: wanakitaka kile kinachowashika. Ahab ukimwondolea nyangumi umemwondolea sababu ya kuishi. Mwenye OCD ukimwondolea fikra yake atakushukuru mpaka kiyama. Na mwanamume anayempigia mwanamke simu usiku kucha baada ya kukataliwa asijifananishe na Majnuni, wala asijifiche nyuma ya ugonjwa wa watu wengine. Huyo ni msumbufu, na pa kumpeleka ni polisi.

"Mwenye mawazo machafu ana nafsi chafu"

Hili ndilo dai linaloumiza kuliko yote, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Mchukue mama mwenye mtoto wa miezi miwili. Yuko jikoni anakata mchicha, mtoto amelala kwenye mkeka karibu na mlango. Ghafla inampitia kichwani picha ya kisu kile kikiingia kwenye kifua cha mtoto. Hakuitafuta, wala hana hasira na mtu. Mikono inamlegea, anakitupa kisu kwenye beseni. Jioni anamwomba wifi yake amwogeshe mtoto. Wiki inayofuata visu vyote viko juu ya kabati, mboga zinakatwa na wifi, na yeye hakai tena peke yake na mwanawe. Akithubutu kusema, ataambiwa hampendi mtoto, au ana jini. Wengi hawasemi. Wanaamini kwamba wazo lile limewafunulia wao ni nani.

Wataalamu wawili, Stanley Rachman na Padmal de Silva, walifanya jambo la maana mwaka 1978. Waliwauliza watu wasio wagonjwa kama huwa wanapitiwa na mawazo ya namna hiyo: kumsukuma mtu mbele ya gari, kutukana mahali patakatifu, kumdhuru ndugu. Wengi mno, karibu wanane katika kila kumi, walisema ndiyo. Kisha mawazo ya wagonjwa na ya wasio wagonjwa yakachanganywa, wataalamu wakaambiwa wayatenganishe kwa kuyasoma tu. Haikuwa rahisi. Wazo ni lilelile. Mwaka 2014 Adam Radomsky na wenzake walichapisha matokeo ya wanafunzi 777 wa vyuo vikuu katika nchi 13, Sierra Leone ikiwamo, na asilimia 94 hivi walikuwa wamepitiwa na angalau wazo moja la kuwaudhi, lisilotakiwa, katika miezi mitatu iliyotangulia. Kwa hiyo msomaji wangu, uwezekano mkubwa ni kwamba na wewe unalo lako, na hujawahi kumwambia mtu.

Kinachomtenganisha mama yule na jirani yake ni jinsi alivyolipokea wazo hilo. Jirani lilimpitia, akasema astaghafiru au Mungu wangu, akaendelea kukaanga vitunguu. Yeye alisimama akalihoji: kwa nini mimi, kwa nini leo, ina maana naweza? Na kadiri alivyo mpole na mwenye huruma ndivyo lilivyomtisha zaidi. Wasiwasi huchagua kile ambacho mtu anakithamini. Mcha Mungu hupata kufuru, mama hupata kisu, daktari mwangalifu hupata sumu aliyompa mgonjwa kwa bahati mbaya.

Anayetaka kuliona hili katika fasihi amwache Lady Macbeth amchukue John Bunyan, yuleyule aliyeandika Safari ya Msafiri. Mwaka 1666, akiwa gerezani Bedford, alichapisha maisha yake ya kiroho, na humo alieleza mambo ya ujana wake ambayo mtu wa kawaida angeyazika. Alikuwa akipenda kupiga kengele za kanisa kijijini kwao Elstow. Akaingiwa na shaka kwamba burudani hiyo haifai, akaacha, lakini akawa anaenda kutazama wenzake wakipiga. Ikamjia: je, kengele moja ikianguka? Akasogea chini ya boriti nene. Je, ikianguka ikagonga ukuta na kumrudia? Akasogea mlangoni mwa mnara, atoroke haraka. Je, mnara wenyewe ukianguka? Akashindwa hata kusimama mlangoni, akakimbia. Baadaye lilimjia wazo baya zaidi, kwamba amuuze Kristo. Lilimrudia alipokula, alipookota pini, alipopasua kuni, naye alikuwa akijibu kwa mdomo na kwa mwili, akisukuma kwa mikono na viwiko kana kwamba yupo mtu wa kumsukuma. Hakuna damu katika habari hiyo yote. Hakuna Duncan. Kuna fundi wa sufuria mwenye imani kali anayeteswa na jambo analolichukia kuliko mauti. Kwa macho yangu hiyo ni picha sahihi kuliko yoyote iliyotungwa kwa ajili ya jukwaa, ingawa haina uzuri wa jukwaani: inajirudia, inachosha, na msomaji anatamani amshike mkono mwandishi ampeleke nyumbani.

Jambo moja nisiliache. Mama anayeogopa wazo lake na kulikimbia yuko mbali na kulitenda. Lakini mama aliyejifungua karibuni akianza kusikia sauti zinazomwamuru, au akiamini kwamba mtoto amebadilishwa na kumdhuru ni jambo la haki, huo ni ugonjwa mwingine. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo bila kungoja mashauri ya ukoo.

"Huu ni ugonjwa wa Wazungu"

Ningependa wanaosema hivi waende mapema msikitini, kabla ya adhana ya alasiri, wakae karibu na koki. Katika misikiti mingi ya pwani yupo mtu mmoja ambaye wenzake wameshamzoea. Anaosha mkono wa kulia mpaka kiwikoni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anasita. Ile ya pili ilifika kiwikoni kweli? Anaanza tena. Maji yanatiririka, watu watatu wamekuja wakaondoka, imamu ameshaanza, na yeye bado yuko kwenye mguu wa kushoto. Akiingia safuni anapiga takbira, anashusha mikono, anainyanyua tena kwa sababu nia haikukaa sawasawa, anapiga nyingine. Aliye pembeni yake anapoteza hesabu ya rakaa zake mwenyewe.

Mtu huyo hakuletwa na meli ya wakoloni. Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1201, alimwandika kwa urefu katika kitabu chake cha hila za Iblisi, na humo anasimulia kisa cha Ibn Aqil, mwanachuoni wa kabla yake. Mtu alimwendea akamweleza kwamba huosha kiungo kisha akaona hajakiosha, hupiga takbira kisha akaona hajapiga. Ibn Aqil akamjibu kwamba yeye sala haimlazimu. Watu wakashangaa. Akawaeleza kwamba mwendawazimu amesamehewa, na mtu anayepiga takbira kisha akasema sijapiga, akili zake ziko wapi? Ni jibu kali, lina mzaha ndani yake, lakini kwa karne ile lilikuwa na busara: halikumtafutia yule mtu dhambi. Nyuma zaidi, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, na sura yake ya mwisho ameiweka kwa ajili ya fikra hizi zisizoisha. Miaka mia kadhaa baadaye, upande wa Wakristo, Ignatius wa Loyola alikuwa Manresa mwaka 1522 akiungama dhambi zilezile tena na tena, kila mara akihisi kuna kitu amekisahau.

Kwa hiyo madaktari wa Ulaya walikuja kukuta jambo limeshajulikana. Na wanazuoni wa fiqhi wana kanuni ambayo tabibu wa leo angeisaini bila kubadilisha neno: aliyekuwa na yakini ya udhu kisha akashuku umemtoka, abaki na yakini yake, asirudie. Sheikh anayemwambia mwenye wasiwasi asali hivyohivyo na shaka yake, asirudie hata moyo ukipiga kelele, anafanya tiba yenyewe. Anayempa uradi wa kusoma mara mia kila wazo linapokuja amempa, bila kukusudia, kitu kipya cha kuhesabu. Nimesema uradi, lakini mganga mwenye kombe lake na mchungaji mwenye maombi ya kurudiwa kila usiku wako katika mtego huohuo.

Kuna dai dogo la vijana wa mjini, kwamba OCD ni kupenda usafi, viatu kupangwa kwa rangi, na kwamba ni sifa. Anayependa kupanga viatu hupanga akafurahi. Mwenye OCD hupanga akalia, na wengi wao hawapangi chochote: chumba kimejaa takataka kwa sababu anaogopa kuzigusa. Tupite.

"Kusoma sana ndiko kulikomharibu"

Kwetu hili lina mizizi. Kijana anatoka chuoni amebadilika, hasemi na watu, na kijiji kinakubaliana kwamba vitabu vimemzidi. Euphrase Kezilahabi aliligusa jambo hilo katika Kichwamaji, mwaka 1974: Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anafikiri mpaka maisha yanamwishia maana, na mwisho anajiua. Ni riwaya kubwa, na ninaipenda. Lakini inahusu swali la kuishi, swali ambalo mtu analikabili akiwa na akili zake zote, na ni dhuluma kuigeuza kuwa cheti cha daktari kwa kila mwanafunzi aliyenyamaza.

Hesabu ya miaka inaeleza zaidi. OCD huanza kwa wengi kabla ya miaka 25, wastani ukiwa kama miaka 19 na nusu, na kwa wavulana wengi huanza utotoni. Ni nadra kuanza baada ya miaka 35. Umri huo wa kuanza ndio ambao watoto wetu wako sekondari na vyuoni. Ugonjwa na masomo vinakutana njiani, na sisi tunadhani kimoja kimemzaa mwenzake. Kijana wa umri huohuo anayeendesha bodaboda naye anaupata, ila kwake hakuna vitabu vya kulaumu, basi hulaumiwa bangi.

Ushauri unaotolewa haraka kuliko wote ni huu: acha kufikiria. Dostoyevski aliujaribu. Mwaka 1863, katika maandishi yake ya safari za Ulaya, aliwataka wasomaji wajizuie wasimfikirie dubu mweupe, waone kama atawatoka. Zaidi ya miaka mia moja baadaye Daniel Wegner, mwanasaikolojia huko Texas, aliligeuza kuwa jaribio, akalichapisha mwaka 1987. Wanafunzi waliketi peke yao wakisema kila kinachowajia, wakaagizwa wasimfikirie dubu mweupe, na kengele mezani waigonge kila akija. Waliigonga zaidi ya mara moja kwa dakika. Waliporuhusiwa kumfikiria, akawajaa kuliko alivyowajaa wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Na huyo ni dubu tu, asiye na ubaya wowote. Mweke mahali pake kisu cha mama yule.

"Mpe moyo, mhakikishie"

Hili husemwa na watu wema, ndiyo maana ni gumu kulijibu. Sikiliza nyumba moja saa nne usiku.

"Baba Salma, gesi umefunga?"

"Nimefunga, mama Salma."

"Umeangalia mwenyewe?"

"Nimeangalia."

"Hebu niapie."

Ameapa. Robo saa inapita. "Uliangalia na ile ya mtungi, au ya jikoni tu?" Mume anaamka, anawasha taa, anaenda, anarudi. Mwaka wa kwanza alikuwa akijibu mara moja. Sasa ana zamu kabisa: anapiga picha mtungi kwa simu, anamwonyesha kitandani. Anafanya kwa mapenzi, na kila jibu lake linamfundisha mkewe kwamba bila jibu hakuna usingizi.

Tiba iliyoonyesha njia ilikwenda kinyume. Victor Meyer, katika Hospitali ya Middlesex ya London, alieleza mwaka 1966 jinsi alivyowatibu wagonjwa wawili ambao dawa na mazungumzo vilikuwa vimeshindwa. Walikutanishwa na kile wanachokiogopa, kisha wakazuiwa kufanya kile kitendo cha kujituliza, wauguzi wakikaa nao kutwa. Hofu ilipanda sana. Kisha, bila kunawa na bila kuhakikishiwa, ikashuka yenyewe. Siku hizi hakuna anayemlazimisha mgonjwa. Anapanga ngazi zake na mtaalamu, anaanza na ile ya chini: leo utauliza gesi mara moja, na mume atajibu, "Hilo swali tumekubaliana silijibu." Inasikika kama ukatili. Mume anapaswa kuwapo kikaoni, aelezwe, na mke mwenyewe ndiye akubali jibu liwe hilo.

Dawa nazo zipo. Klomipramini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ugonjwa huu hasa, na fluoksetini hutumika sana. Huchukua wiki 8 hadi 12 kuonyesha kazi yake yote, na wengi huziacha wiki ya tatu wakisema hazifai. Kwamba ukienda kuzitafuta utaonekana kichaa, najua linatoka wapi: kwetu majina ya hospitali za akili, Mathari na Mirembe, yamegeuzwa matusi ya watoto. Lakini wengi wenye OCD hawalazwi. Wanahudhuria kliniki, wanarudi kazini.

Limebaki la wasanii, kwamba wasiwasi huu ndio mafuta ya kipaji na ukiuponya umeua kalamu. Mwaka 1896 daktari Mfaransa, Édouard Toulouse, alichapisha uchunguzi alioufanya kwa Émile Zola, akitafuta uhusiano wa akili kubwa na maradhi ya neva. Alikuta mtu anayehesabu taa za gesi barabarani, milango, na magari ya farasi yanayopita, na ambaye usiku hufumbua macho mara saba kujithibitishia kwamba hafi. Wapenda hadithi waliishia hapo. Lakini wakati huo Zola alikuwa ameshamaliza riwaya 20 za ukoo wa Rougon-Macquart, kati ya 1871 na 1893, kwa utaratibu usio na ajabu: kila asubuhi anakaa mezani, anaandika kurasa zake, anainuka. Sioni taa za gesi zilimsaidia nini katika hilo.

Au mwangalie Samuel Johnson. Boswell, aliyeandika maisha yake mwaka 1791, anasema alikuwa hapiti mlangoni mpaka hatua zake kutoka mahali fulani ziwe za idadi fulani. Akikosea, anarudi nyuma, anajipanga, anaanza upya. Kamusi yake ya mwaka 1755 ina maneno zaidi ya 42,000, aliyoyatafutia maana na mifano kwa miaka karibu tisa akiwa na waandishi sita wa kumnakilia. Hatua za mlangoni hazikutafuta maana ya hata neno moja kati ya hayo. Ziliwasubirisha tu wenzake waliokuwa wametangulia.